Majibu ya sindano ya uvimbe wa titi: tuyaamini kiasi gani?

Daktari kaniambia nichomwe sindano ya kutoa sampuli ya uvimbe kwenye titi, ikapimwe. Ameshaona saratani?

Hapana. Vivimbe vingi vya titi si saratani. Kwa mabinti mara nyingi ni fibroadenoma (uvimbe wa nyama usio saratani), kwa wengine ni kifuko cha maji tu. Ila kwa kupapasa peke yake huwezi kuwa na uhakika.

Jirani yangu alichomwa sindano ndogo, mimi nimeandikiwa kubwa. Kwa nini?

Ndogo ni sindano nyembamba, hunyonya seli chache. Ni rahisi na ya haraka, lakini wakati mwingine seli hazitoshi, na hazionyeshi kama saratani imeshavamia nyama ya jirani. Kubwa ni sindano nene, hutanguliwa na ganzi, kisha hukata vipande vyembamba vya nyama. Vipande hivyo hupimwa pia vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) na HER2 (protini ya kwenye seli), vinavyosaidia kuchagua dawa. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua nene.

Inakosea?

Ikisema ni saratani, ni nadra sana kukosea. Tatizo liko kwenye jibu la "hakuna saratani". Uchambuzi wa tafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye saratani, sindano nene inayoongozwa na ultrasound huibaini kwa takriban 99. Ikichomwa kwa kukadiria na mkono, takriban 91. Kwa hiyo uliza mapema: nitachomwa kwa ultrasound?

Majibu yamesema si saratani. Basi yameisha?

Inategemea. Majibu ya sindano husomwa pamoja na mambo mawili: alichokigusa daktari na ilichoonyesha picha. Chukulia binti wa miaka 22, uvimbe unateleza chini ya vidole, ultrasound inaonyesha fibroadenoma na sindano inasema hivyohivyo. Hapo tunapumua. Sasa chukulia mama wa Mbagala mwenye miaka 52: uvimbe mgumu, ngozi imevutwa ndani, picha inatia shaka, halafu karatasi inasema "nyama ya kawaida". Karatasi hiyo haijajibu kitu. Huenda sindano ilipita pembeni. Mama huyo anatakiwa kuchomwa tena, au uvimbe utolewe, hata kama ndugu wameshaanza kushangilia.

Uvimbe unaokua haraka nao usiupuuze ukiitwa fibroadenoma. Upo uvimbe mwingine, uitwao filodi, ambao sindano wakati mwingine hushindwa kuutofautisha na fibroadenoma.

Kwenye daladala wanasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa.

Kweli, seli chache zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano. Lakini hakuna ushahidi kwamba waliochomwa huishi muda mfupi kuliko wengine. Kinachoua ni miezi ya kupaka majani.

Nimekabidhiwa kichupa nikipeleke maabara mwenyewe. Niangalie nini?

Nyama iwe imezama kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze), jina lako na titi lililochomwa (kulia au kushoto) viwe vimeandikwa, na kifike siku hiyohiyo. Nyama iliyocheleweshwa bila fomalini huharibika, na kipimo cha homoni kinaweza kudanganya. Majibu yakitoka, omba nakala. Ukipewa rufaa Muhimbili au Ocean Road utaihitaji. Na mtaalamu wa huko akitaka kujisomea mwenyewe, si lazima uchomwe upya: maabara hutunza vipande vyako ndani ya nta, pamoja na vioo vya kusomea kwa hadubini, kwa hiyo waombe wakuazime.