Tamada ni nani? Namna ya kuzungumza kwenye meza ya Wageorgia

Tamada ni mtu anayeongoza maneno kwenye supra, karamu ya watu wa Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi. Ukialikwa nyumbani kwa mtu Tbilisi, mji mkuu, au kwenye vijiji vya Kakheti kunakolimwa zabibu, mtambue huyu mapema. Aghalabu ni mwenyeji mwenyewe, au mtu anayeheshimika kwa kujua kusema.

MC wa harusi huita wengine waseme. Tamada husema yeye kwanza. Huinua glasi, akataja jambo moja, iwe ni amani, nchi, wazazi, marehemu au watoto, akalizungumzia kwa utulivu, kisha akatamka "gaumarjos!", yaani "ushindi!" Hapo ndipo watu hunywa. Katikati ya neno moja na jingine mnakula khachapuri, mkate wenye jibini, na kupiga soga kama kawaida, lakini akianza kusema, soga inakoma. Kujinywea mvinyo peke yako kabla hajasema ni utovu wa adabu. Desturi hii ina mizizi mirefu: huko Vani, magharibi mwa Georgia, ilifukuliwa sanamu ndogo ya shaba ya mtu aliyeshika pembe ya kunywea, ya karne ya 7 KK, na nakala yake kubwa imewekwa mji mkongwe wa Tbilisi.

Neno linalowababaisha wageni ni "alaverdi". Tamada akilitamka akakutaja jina, amekupa zamu. Endeleza jambo lilelile alilolianzisha. Akiwa anawakumbuka marehemu, usirukie kusifia chakula. Sema kwa Kiingereza au lugha yoyote, mtu atakutafsiria. Kwa maoni yangu hapa ndipo wasafiri wengi wanapojinyima: wanatamka "asanteni" tu na kuketi, ilhali meza nzima inasubiri wamtaje mama yao, au bibi aliyewalea. Sentensi tatu za kweli zinatosha. Malizia na "gaumarjos".

Wewe si mnywaji, kwa dini au kwa afya? Mwambie mwenyeji kabla ya kuketi, ujaziwe juisi au limonadi. Bado utainua glasi na bado utapewa zamu. Na ukitaka kuondoka mapema, usinyanyuke kimyakimya. Mwombe tamada nafasi, uitakie heri familia iliyokupokea, ndipo uage.