Lumeni ni nini?

Lumeni ni uwazi wa ndani wa kiungo chenye umbo la mrija: mshipa wa damu, umio, utumbo, njia ya hewa, mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Isichanganywe na uwazi wa kifua au wa fumbatio (sehemu ya tumbo), ambamo viungo vyenyewe vimekaa.

Kinachotenganisha nafasi hizo ni ukuta wa kiungo. Chakula na bakteria walio kwenye lumeni ya utumbo, kwa maana kamili, bado hawajaingia mwilini. Huingia kile tu kilichofyonzwa kupitia ukuta. Homa ya matumbo ikitoboa utumbo mwembamba, uchafu humwagika kwenye fumbatio, tumbo hukakamaa na maumivu huwa makali. Hapo antibiotiki peke yake hazitoshi, mgonjwa anahitaji upasuaji wa haraka.

Lumeni ikiziba, swali la kwanza ni kizuizi kiko wapi. Huenda kimo ndani ya uwazi wenyewe, kama minyoo ya askarisi iliyosongamana kwenye utumbo wa mtoto. Huenda kimeota ukutani, kama saratani au kovu. Au kinabana kutoka nje, kama ngiri, au nyuzi za makovu zilizobaki baada ya upasuaji wa zamani. Tiba hufuata jibu hilo.

Upana wa lumeni una umuhimu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kipenyo kikipungua kwa nusu, na shinikizo na urefu vikibaki vilevile, kiasi cha majimaji yanayotiririka kwa utulivu hushuka hadi sehemu moja ya 16. Ndiyo maana majeruhi anayevuja damu huwekewa kanula (mrija wa kuingizia maji au damu mshipani) fupi na nene.

Neno hilo hutumika pia kwa vifaa. Mpira wa mkojo wa kawaida wenye puto una lumeni mbili, moja ya mkojo na moja ya kujazia puto. Namba yake hupima kipenyo cha nje, si lumeni: gawa kwa 3 upate milimita, hivyo namba 16 ni takriban milimita 5.3. Puto hujazwa maji safi ya sindano, mara nyingi mililita 10, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mpira. Maji ya chumvi yanaweza kuacha chembe zikaziba lumeni ile nyembamba, na puto likakataa kutoa maji siku ya kuondoa mpira. Usijaze puto kabla mkojo haujatoka, kwani likiwa bado kwenye njia ya mkojo linaweza kuichana.