Mbalamwezi haijafunga biashara ya mtu

Juzi baada ya mkesha dada mmoja wa kikundi chetu cha maombezi alinifuata kanuna. Eti hana karama ya unabii. Kaombea watu usiku kucha, hakuoneshwa jina la mtu, wala namba ya simu, wala rangi ya geti. Kwa mama mmoja alipata "usichoke", basi. Nikamuuliza, ulimwambia? Hakumwambia. Aliona aibu, neno lenyewe dogo.

Nimelichoka jambo hili. Sijui nani katufundisha kwamba Mungu akitaka kumtia mtu moyo kupitia wewe, lazima kwanza akupe taarifa za kipelelezi. Paulo katika 1 Wakorintho 14:3 anasema anenaye unabii huwajenga watu, huwafariji na kuwatia moyo. Rangi ya geti haimo. Yuda na Sila katika Matendo 15:32 wanaitwa manabii, na walichofanya Antiokia ni kuwatia ndugu moyo kwa maneno mengi. Luka hakuandika hata utabiri wao mmoja.

Namna ya kusikia sitakawia nayo. Unaomba, unanyamaza, linakuja andiko, au picha, au mzigo tu juu ya mtu. Unalipima kwa Neno. Usipopata kitu, mwombee kawaida aende zake. Usitunge.

Kinachoniudhi ni mruko kutoka kwenye kilichooneshwa hadi kwenye tafsiri. Mwombezi mmoja mgeni alimwekea mikono mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza. Akaona beseni tupu. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Hata pumzi hakuvuta: "Biashara yako imefungwa, na aliyekufunga ni wa ukoo wako!" Mama akaangua kilio.

Jamani, ilikuwa mbalamwezi! Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika, na wauzaji wengi wanakaa na mabeseni matupu. Mchawi gani huyo anayelifunga ziwa kwa kufuata kalenda, halafu giza likirudi analifungua?

Huenda Mungu alimwonesha beseni lile kweli, ili mama aambiwe tu kwamba siku zake za kukaa bila mzigo zinaonekana mbinguni. Nasema huenda, maana na mimi hapo natafsiri. Ila tafsiri yangu haimpeleki mtu nyumbani akimkagua shangazi yake. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi macho mekundu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa jikoni. Ukisema "ni wa ukoo wako", umeshamnyooshea mtu kidole bila kumtaja. Kwenye kikundi chetu ukileta neno la namna hiyo, tunakukalisha. Kaa uombe kimyakimya.

Halafu kuna "Bwana asema hivi". Ukishaitamka, umemfunga mwenzio mdomo. Akikataa, anaonekana kamkataa Mungu. Wakati 1 Wakorintho 14:29 inataka manabii wanene na wengine wapambanue. Watapambanua nini, kama umeshapiga muhuri? Mimi nafundisha watu waseme "nadhani Bwana ananikumbusha hili juu yako, lipime". Naambiwa huo ni upungufu wa imani. Sawa. Nathani alikuwa nabii kwelikweli, na katika 2 Samweli 7 alimwambia Daudi, aliyetaka kumjengea Mungu nyumba, atende yote yaliyo moyoni mwake, Bwana yu pamoja naye. Usiku uleule Mungu akamtuma arudi akaseme vingine: nyumba ile Daudi hataijenga yeye. Kama Nathani alirudishwa, wewe wa mkesha wa Ijumaa unaharakia wapi?

Sasa lisilosemwa kwenye semina. Mara nyingi siwezi kutenganisha sauti ya Mungu na yale ninayoyajua juu ya mtu. Nikijua mumewe anaumwa, halafu nikapata andiko la faraja, nani kalileta? Na mtu kutiwa moyo hakunithibitishii kitu. Hata neno nililolitoa kichwani mwangu linaweza kumfanya mtu atembee wima wiki nzima. Wanaotubeza husema "usichoke" linamfaa yeyote aliyeshuka daladala Buhongwa jioni, na sina jibu linaloniridhisha mwenyewe. Naendelea kwa sababu wapo wanaoniambia neno lile ndilo walilokuwa wakimlilia Mungu, na kwa sababu kumwambia mtu asichoke hakujamdhuru shangazi wa mtu.

Siku hizi nikimaliza kusema namwuliza mtu: limekugusa, au halikuhusu? Kama halikuhusu niambie, tuliache hapahapa. Karibu wote wanajibu "amina, mtumishi". Huku kwetu nani atamwambia mtumishi hapana, tena akiwa kwenye mfungo?