Ukuta wa Inter na beki aliyechelewa kupanda

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, baada ya Isha, barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, hapakuwa na pa kukaa. Kesho yake saa nne usiku Inter Milan ya Italia na PSG ya Paris walikuwa wanakutana Munich, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Jumapili ni Madaraka, basi nani ana haraka ya kulala? Muuza kahawa alishajaza dele mara ya pili. Ubishi ulikuwa mmoja: PSG watapita wapi kwenye ukuta ule?

Upande wa Inter aliushika ami mmoja, fundi cherehani, mpenzi wa Inter tangu 2010. Sababu yake ni McDonald Mariga. Usiku ule wa fainali Inter walipoipiga Bayern 2-0 kule Madrid, Mariga alikuwa benchi. Hakuingia, lakini Mkenya alirudi na medali, na kwa ami hilo latosha. "Muitaliano akijenga ukuta, ufa huuoni," akasema, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mechi nane za hatua ya ligi msimu huu wa 2024-25, wamefungwa bao moja tu, la Leverkusen. Istanbul 2023, fainali na Manchester City, bao moja tu, la Rodri. Akarudi nyuma mpaka 1964 na 1965, enzi za Helenio Herrera, Inter walipobeba kombe mara mbili mfululizo. (Mwaka 1964 ami alikuwa bado hajazaliwa, ila barazani hilo halina neno.)

Kijana mmoja wa tuktuk akainua mkono kama yuko madrasa. "Ami, samahani. Na zile sita za Barcelona?"

Kweli, nusu fainali Inter waliruhusu mabao matatu Barcelona na matatu tena Milan, wakavuka 7-6 kwa jumla baada ya dakika za nyongeza. Ami hakuyumba. "Zile ni za yule kijana wao, Lamine Yamal. Yule si binadamu, mtoe kwenye hesabu."

Baada ya kucheka, wakanigeukia. Mimi nafundisha mabeki, vijana wa mtaani, na zamani nilikuwa beki wa kushoto, kwa hivyo mambo haya hunifikia kama kesi kwa kadhi. Nikawaambia kitu kilichowaudhi wote: mabao yaliyoingia hayawaambii ukuta uko vipi. Yanawaambia tu wapi ulishavunjika, na mechi ijayo mtu hupita kwingine.

Nikaomba vikombe vitano vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, nikavipanga juu ya jiwe la baraza. Watatu wa kati ni Pavard, Acerbi na Bastoni. Kulia kabisa Dumfries, kushoto kabisa Dimarco. Inter wakiwa na mpira hawa wawili wa pembeni ni mawinga. Dimarco na mguu wake wa kushoto hupiga krosi kuliko mawinga wengi wenye jina hilo. Mpira ukipotea, wanashuka na watatu wanakuwa watano. Kwenye karatasi ni raha tupu. Tabu iko katika zile sekunde chache ambapo wengine wameshafika kwenye mstari na mwingine bado yuko njiani, au amefika na akapitiliza.

Hapo ndipo sheria ya kuotea inapoingia. Mshambuliaji anahesabiwa ameotea akiwa karibu na goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. (Kabla ya 1925 walihesabu wa tatu, mabeki wa zamani walistarehe.) Wa mwisho kwa kawaida ni kipa, basi wa pili ndiye beki aliyebaki nyuma kuliko wenzake. Maana yake mstari wa mabeki hauko pale walipo wanne werevu, uko pale alipo mmoja aliyezubaa. Aliyewahi kuvuta juya ufukweni, wavu ambao serikali imeshaupiga marufuku, anajua: watu kumi huku wanavuta kwa nguvu, kule kamba moja imelegea, na samaki wote wanatokea pale pale.

Sasa mstari unapanda lini, yaani mabeki wanasogea mbele pamoja lini? Hili ndilo ninalowafundisha watoto kabla ya kitu kingine chochote. Tazama mwenye mpira, usimtazame unayemkaba. Mpira ukirudishwa nyuma, pandeni. Mwenye mpira akiwa amebanwa, kichwa chini, mgongo kwa goli lenu, pandeni. Lakini akiwa huru, kichwa juu, hakuna anayemsumbua, shukeni, kwa maana pasi inakuja nyuma yenu. Kilicho kibaya kuliko vyote ni nusu kupanda na nusu kushuka. Wote wakikosea pamoja, kipa anaweza kuwaokoa. Mmoja akiwa sahihi peke yake, amewaua.

Kijana wa tuktuk akauliza, "Na Dembélé je?" Nikachukua kipande cha kashata nikakiweka mbele ya kikombe cha Acerbi. Dembélé wa PSG alikuwa anachezeshwa kama mshambuliaji wa kati, lakini hakai hapo. Anashuka mpaka kwa viungo, wale wachezaji wa katikati ya uwanja. Acerbi, mtu wa miaka 37, akimfuata, nyuma yake panakuwa uwanja mtupu. Asipomfuata, PSG wana Vitinha, João Neves, Fabián Ruiz na Dembélé, wanne, dhidi ya viungo watatu wa Inter. Na ukizidiwa kiungo, hakuna wa kumbana mpiga pasi. Nilitaka kuendelea, nikatazama chini: kashata imeshaliwa. Dembélé kaliwa kabla ya mechi, baraza zima likasema ni ishara njema kwa Inter.

Nami nilitabiri, ndiyo. Nilisema hatari itatokea upande wa Dumfries, kwa Kvaratskhelia, winga wa kushoto wa PSG, nao watashinda 2-1. Nilikosea upande, na hesabu nilikosea vibaya zaidi.

Dakika ya 12. Niliitazama tena na tena kwenye simu Jumapili asubuhi. Vitinha ana mpira mbele ya boksi, hajabanwa. Doué, winga wa PSG, kijana wa miaka 19, ameingia ndani ya boksi upande wa Dimarco. Tazama wenzake Dimarco: wamejipanga. Tazama Dimarco: yuko nyuma yao, karibu na goli lake, na kwa sababu yake Doué hajaotea. Vitinha anapenyeza. Doué anageuka, hana papara, hapigi goli, anaukata mpira katikati, na Hakimi yuko pale na goli tupu. Hakimi huyo huyo aliyekuwa Inter msimu wa 2020-21 na kuchukua nao ubingwa wa Italia. Nyumba aliijua, na alipofunga aliinua mikono kuwaomba radhi mashabiki wake wa zamani. Barazani hapo watu walimpenda mara mbili.

Wengi walimlaani Dimarco. Mimi namlaumu nusu. Hakimi ni beki wa kulia, lakini hapandi kwa kufuata chaki ya pembeni. Anaingia ndani, na Doué anacheza naye zamu kwa zamu, huyu nje huyu ndani. Mkabaji mmoja anawekewa watu wawili na anaambiwa achague. Halafu mpiga pasi hajabanwa, na beki yeyote mwenye akili akiona hivyo mwili wake unataka kushuka. Dimarco alishuka. Wenzake hawakushuka. Kwa macho yangu kosa lilianza mita ishirini mbele yake, pale viungo walipomwacha Vitinha anyanyue kichwa. Ila kanuni ni kanuni: ukiona mstari umesimama, simama nao, hata kama una hakika umekosea.

Bao la pili, dakika ya 20, lilikuwa jambo jingine kabisa. Inter wanashambulia, Pacho, beki wa PSG, anauokoa mpira karibu na kona yake, na punde PSG wako upande wa pili. Dembélé anapiga krosi kutoka kushoto, Doué anapiga, mpira unamgonga Dimarco huyo huyo na kumhadaa kipa Sommer. Hapo hakukuwa na mstari wa kuupima. Watu walikuwa wanakimbia kurudi nyumbani. Yaliyofuata sina haja ya kuyachambua: Doué tena, Kvaratskhelia, Mayulu, 5-0. Fainali ya kombe hilo haijawahi kuisha kwa tofauti kubwa kuliko hiyo, na timu inayofukuza mabao matatu haina tena ukuta wa kuujadili.

Kwa nini namhurumia Dimarco? Miaka mingi iliyopita, fainali ya kombe la mtaa, mimi beki wa kushoto, tunaongoza bao moja, zimebaki dakika chache. Nikaupiga mpira mbali, kipigo kizuri mno, nikasimama nautazama unavyopaa. Kipa akapiga kelele, "Pandeni!" Watatu wakapanda. Mimi bado nausifu mpira wangu. Ukarudishwa juu kwa juu, mshambuliaji wao akaudaka kwa kifua peke yake mbele ya kipa, mshika kibendera kimya, nami nimenyoosha mkono juu naomba kuotea kama mtu anayesimamisha matatu iliyojaa. Ikawa moja moja, tukafungwa kwa penalti. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Panda.

Jumapili ya Madaraka nilimkuta ami kwa mama wa mahamri, mbaazi zinapoa mbele yake, hana hamu. Nikamsalimu, nikakaa kimya kwa adabu. Akamega hamri moja, akalichovya, akatafuna polepole.

"Yule Dimarco," akasema, "akija Mombasa mpe jina lako, mwanangu. Wewe umeshalitumia vya kutosha."