SOS sio kifupi cha maneno yoyote

Hii habari kwamba SOS, ile ishara ya redio ya meli kuomba msaada ikiwa hatarini, ni kifupi cha "Save Our Souls", yaani okoeni roho zetu, wengi tumeikariri tangu shule, na wengine wanakwambia ni "Save Our Ship", lakini ukweli zile herufi hazisimamii neno lolote, hayo maneno watu waliyabandika baadaye.

Ilikuwa hivi. Wajerumani waliiingiza kwenye kanuni zao za redio 1905, mwaka uliofuata mkutano wa kimataifa Berlin ukaikubali, ikaanza kutumika rasmi Julai 1908. Sasa kwa nini herufi hizo? Zilitumwa kwa Morse, yaani kila herufi ni milio mifupi na mirefu. Igonge mezani kwa kidole uone: tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi, mfululizo bila kupumzika katikati. Opareta wa redio melini enzi hizo, hata awe amechoka vipi, usiku wa manane, redio inakoroma, akisikia huo mlio hauchanganyi na kitu kingine, na kitaalamu huandikwa na mstari juu kuonyesha ni alama moja, sio herufi tatu. Yaani uzuri wake wote uko kwenye sikio.

Kabla yake maopareta wa Marconi, kampuni ya redio za meli, walikuwa wanatuma CQD. CQ ni kuita stesheni zote, D ni hatari, basi nayo watu wakaitungia "Come Quick, Danger".

Na jamani, Titanic haikuwa meli ya kwanza kutuma SOS. Meli zilishaituma 1909, na Titanic yenyewe 1912 ilianza na CQD, SOS ikafuata.