Abram Hewitt, mtu wa chuma aliyejitosa kwenye siasa za chama

Kila tukigusa habari za chuma cha pua watu wananitajia Andrew Carnegie tu, yule tajiri wa viwanda vya chuma Marekani, sasa leo tumuongelee Abram Hewitt, Mmarekani wa New York, kazaliwa 1822, kwao hali ya kawaida tu. Akawa rafiki wa damu wa Edward Cooper, mtoto wa tajiri Peter Cooper, 1845 wakafungua kiwanda cha chuma Trenton, New Jersey kwa hela za mzee, na 1855 akaoa humo humo, dada yake Edward (koneksheni hazijaanza leo).

Ila kwangu mimi kubwa lake ni la 1867. Alienda Paris kwenye maonyesho akakutana na tanuri la Siemens-Martin, la kutengenezea chuma cha pua, na 1868 likajengwa Trenton, la kwanza Marekani. Lina nini cha ajabu? Ile njia nyingine ya kutengeneza chuma cha pua, ya Bessemer, unapuliza hewa kwenye chuma kilichoyeyuka, dakika kama ishirini mzigo umeiva, hata muda wa kuonja huna. Hili linapika masaa kadhaa, moshi wake wa moto unapitishwa kwenye matofali mpaka yanawiva, halafu gesi na hewa mpya zinapitia hapo hapo zikiingia ndani zishapata joto, ndo maana unaweza kutupia hata chuma chakavu kikayeyuka, ukachota kidogo ukapima kabla ya kumimina.

Siasa sasa. Kaingia Kongresi 1875 kwa chama cha Democratic, 1876 ndo mwenyekiti wa chama taifa, anasimamia kampeni ya Tilden, mgombea urais wao. Tilden akaongoza kura za wananchi, lakini baada ya mvutano wa miezi Hayes, mgombea wa Republican, akapewa urais kwa kura za wajumbe (hizo ndo zinazoamua) 185 dhidi ya 184, na wapo wanachama waliomlaumu Hewitt kuwa mpole mno.

1886 kundi la Tammany, mtandao wa wakubwa wa Democratic jijini New York, likaungana na wengine kumsimamisha umeya wa New York, akawabwaga Henry George na Theodore Roosevelt, yule yule aliyekuja kuwa rais. Kiti alipata, kutumwa na wakubwa wa Tammany akagoma, tena akakataa kusimama kukagua gwaride la Waireland la St. Patrick, mtakatifu wao, wakati kura zao ndo mtaji wa chama! 1888 wakamuwekea mtu wao, akaanguka.

Mwaka huo huo alipendekeza treni za chini ya ardhi, jiji litoe pesa, kampuni binafsi iendeshe. Walimpuuza, baadae wakafuata mpango karibu ule ule. Treni zilianza Oktoba 1904, yeye kafariki Januari 1903.