Ule utafiti wa Yale kuhusu malengo haukufanyika

Kwenye semina za mameneja hapa Nairobi, Upper Hill hadi Westlands, bado husimuliwa kwamba mwaka 1953 asilimia 3 ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye wakawa na mali nyingi kuliko wenzao wote kwa pamoja. Utafiti huo haukuwapo. Jarida la Fast Company lilipoufuatilia mwaka 1996, halikupata ushahidi wowote.

Inaniuma, kwa sababu hadithi hii humwaminisha meneja kwamba akishabandika malengo ukutani, amemaliza. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, waliotafiti uwekaji malengo kwa miongo kadhaa, walionyesha jambo linalodai zaidi: lengo mahususi na gumu huinua utendaji hasa pale watu wanapolikubali, wana uwezo wa kulifikia, na wanapewa mrejesho. Hayo yote humdai meneja uthabiti baada ya lengo kuandikwa. Lirudie lengo lilelile kila mkutano, onyesha timu imefika wapi; na hali ikilazimu kulibadilisha (hutokea, wala si udhaifu), tamka waziwazi lipi limefutwa, ili watu wa mauzo na wahasibu wasivutane.